Lewiston: Nani Amemwelemea Mwenzake?

Jioni moja ya Novemba, kwenye duka la vyakula la mtaa wa Lisbon, katikati ya mji wa Lewiston, jimbo la Maine, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja wa Bukavu. Mkononi alikuwa na mfuko wa unga wa muhogo na pakiti mbili za sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa. Chini ya koti la baridi alivaa sare ya bluu ya wahudumu wa nyumba za wazee, na kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Tuliposikia lafudhi zetu tukasalimiana. Nikamuuliza, "Mama, kazi zinaendaje?" Akasema, "Kaka, mimi natumikaka usiku, bwana yangu anatumika muchana. Tunapishana ku mulango."

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ukisikia kitu kinatumika, basi ni jembe au sufuria. Na ukisikia mtu anatumika, unajua kuna mwingine anayemtumia. Kwa Mkongo neno hilo halina ubaya wowote, kutumika ni kufanya kazi, basi. Lakini limenikaa kichwani tangu siku ile, na kila niyasikiapo mabishano kuhusu mji huo mdogo linanirudia.

Lewiston ilikuwa na watu 37,121 kwa sensa ya 2020. Imekaa ukingoni mwa mto Androscoggin, ikitazamana na pacha wake Auburn ng'ambo ya pili. Wapenzi wa ndondi wanaijua bila kujua kwamba wanaijua: ile picha ya Muhammad Ali akimkaripia Sonny Liston aliyelala chali ilipigwa hapo, Mei 25, 1965, mbele ya watazamaji 2,434 tu. Wengine walilisikia jina lake Oktoba 25, 2023, mtu mwenye bunduki alipoua watu 18 kwenye ukumbi wa bowling na kwenye baa, Jumatano jioni, saa ambayo watu wa pale hutoka kupumzisha miili baada ya kazi. Nataka kuzungumzia hizo kazi zenyewe, na watu wanaozifanya, kwa sababu mabishano ya Lewiston kwa ndani ni ya kazi, ingawa kwa nje yanaonekana kuwa ya rangi na dini.

Yalianza Februari 2001, familia za kwanza za Wasomali zilipohamia pale, nyingi zikitoka vitongoji vya Atlanta ambako serikali ilikuwa imezipeleka kwanza. Walichokuwa wakikitafuta ni kile ambacho mzazi yeyote angetafuta: mji tulivu, shule ambazo mtoto hapigwi, nyumba za kupanga zenye bei inayolipika. Habari ikapita kwa simu, ndugu wakafuatana. Kufikia Oktoba 2002 walikuwa wamefika 1,100 hivi, katika mji ambao karibu kila mtu alikuwa Mzungu. Baadaye wakafuata Wabantu wa Somalia, kisha Wakongo, Waangola, Warundi na wengine. Tangu hapo kuna maneno mawili yanayopokezana pale. Moja ni kwamba wageni wameuelemea mji. La pili ni kwamba wageni wameufufua. Nimewasikiliza wanaosema lile na wanaosema hili, na sioni kwamba upande wowote unasema uongo. Kosa lao ni kwamba kila mmoja amempelekea bili mtu asiyehusika.

Niwaanze wanaolalamika, maana nje ya mji ule hawasikilizwi kwa haki. Maine ina sheria ya tangu zamani inayoilazimisha kila manispaa kumsaidia mkazi wake aliyekwama, awe mwenyeji au mgeni wa jana. Halmashauri humlipia pango, chakula, dawa na mafuta ya kupashia nyumba moto, kwa vocha, halafu serikali ya jimbo huirudishia sehemu. Siku hizi sehemu hiyo ni asilimia 70. Zinazobaki hutoka kwa wenye nyumba wa mji wenyewe, kupitia kodi ya majengo. Kwa mji tajiri hilo si jambo zito. Kwa Lewiston, mji wa wazee wengi waliostaafu na pensheni ndogo, kila senti inayoongezeka kwenye kodi hiyo ina mtu inayemuuma. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha viatu, akajenga kijumba chake cha mbao, na sasa anahesabu kama dola zake zitatosha mafuta ya Januari, ana haki ya kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Kumwita mbaguzi kwa sababu ameuliza ni kumfungia mlango, naye akishafungiwa mlango huku atakwenda kwa wale watakaompa jibu la chuki.

Na shule vilevile. Walimu waliokuwa na wanafunzi wa kuhesabika kwa vidole wasiojua Kiingereza walijikuta wana mamia, kisha zaidi ya elfu, baadhi yao vijana wa miaka kumi na minne waliokuwa wamesoma kidogo mno kwa sababu walikulia kambini Dadaab. Hilo halitengenezwi na nia njema peke yake. Linahitaji walimu, wakalimani, vitabu, na miaka.

Tarehe 1 Oktoba 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi kwa viongozi wa Wasomali. Aliwaambia mji umefika mwisho wa uwezo wake, wa fedha na wa moyo, akawaomba wawazuie ndugu zao wasije. Barua ilizunguka dunia nzima. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kutoka nje ya jimbo kilikuja kufanya mkutano wa kuwaunga mkono waliowachukia Wasomali. Wakajitokeza watu thelathini hivi. Siku hiyohiyo, kwenye chuo cha Bates, watu zaidi ya 4,000 walikusanyika kuwapinga. Wengi wanakumbuka siku hiyo kama ushindi wa mji, nami nakubali. Ila swali lililokuwa ndani ya barua halikujibiwa na umati ule. Fedha zilikuwa kweli hazitoshi. Barua ilikosea anwani. Wazee wa Kisomali hawakuwa wameandika sheria yoyote. Waliostahili kuandikiwa walikuwa Augusta, yaliko makao ya jimbo, na Washington.

Tazama mambo yanavyokwenda kwa mama yule wa Bukavu. Kuna mkimbizi aliyechaguliwa akiwa kambini, akaletwa na serikali ya Marekani kwa ndege. Huyo anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Halafu kuna aliyekuja mwenyewe na kuomba hifadhi akiwa tayari ndani ya nchi. Huyu wa pili, kwa utaratibu wa miaka mingi wa serikali kuu, hakuruhusiwa hata kuomba kibali cha kazi mpaka zipite siku 150 tangu awasilishe ombi lake la hifadhi, na kibali hakitoki kabla ya siku 180. Ongeza miezi ya kumtafuta mwanasheria wa kuliandaa hilo ombi, unakaribia mwaka. Mwaka mzima mtu mwenye nguvu zake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, anakaa ndani akiangalia theluji, na pango lake linalipwa kwa vocha ya halmashauri. Jirani anamwona asubuhi hatoki, jioni hatoki, anasema hawa watu hawapendi kazi. Mama yule mwenyewe aliniambia hakuna kipindi kilichomchosha kama kile cha kukaa bure. Aliyemkataza kufanya kazi yuko Washington, anayelipa kwa sababu amekatazwa yuko Lewiston, na wote wawili, mlipaji na mlipiwa, wanatazamana kwa hasira kwenye ngazi za jengo moja.

Mtu aliyeuchukua mgogoro huu akaufanya siasa kubwa ni mtoto wa mji uleule. Paul LePage, gavana wa Maine kuanzia 2011 hadi 2019, alizaliwa Lewiston, wa kwanza kati ya watoto 18 wa familia maskini ya Wafaransa wa Kanada. Kifaransa kilikuwa lugha yake ya kwanza. Akiwa na miaka 11 alikimbia kipigo cha baba yake, akaishi mitaani na kwa wasamaria wema. Alipotaka kusoma chuo, Kiingereza kilimwangusha kwenye mtihani wa kuingilia, mpaka mfadhili wake mmoja alipoomba apewe mtihani kwa Kifaransa, akaufaulu. Alipokuwa gavana, serikali yake ilitishia kuzinyima fidia manispaa zitakazowasaidia waombaji hifadhi. Mwaka 2015 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuruhusu msaada huo kwa muda usiozidi miezi 24.

Najua ni rahisi kumwona LePage kama mtu aliyepanda ngazi kisha akaivuta juu. Wengi wamesema hivyo. Lakini ukiwasikiliza watu wa umri wake pale Lewiston, unasikia hoja ambayo inastahili kujibiwa kwa uzito wake: sisi wazazi wetu walikuja mikono mitupu, hakuna aliyewalipia pango, walisaidiwa na parokia na masista na vyama vyao vya kufa na kuzikana, wakafanya kazi. Kwa nini hawa wasifanye hivyo?

Jibu liko kwenye yale majengo ya matofali mekundu kando ya mfereji. Katikati ya karne ya 19 matajiri wa Boston waliona maporomoko ya Androscoggin, wakachimba mifereji kwa mikono ya vibarua wa Kiairishi, wakajenga viwanda vya nguo. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa Bates, kilichoanzishwa 1850, na pamba yake ya miaka ya mwanzo ilivunwa na watumwa wa kusini. Jambo hilo halisemwi sana kwenye ziara za watalii, na lingefaa lisemwe. Mwaka 1874 stesheni ya reli ya Grand Trunk ilifunguliwa, ikiunganisha mji na Quebec. Mkulima aliyeshindwa na shamba lake kule alipanda treni, akashuka, akatembea dakika chache mpaka mtaa ulioitwa Kanada Ndogo, na wiki hiyohiyo mke, mume na watoto wakubwa walikuwa mbele ya mitambo. Hakuna aliyeulizwa Kiingereza. Hakuna aliyeulizwa leseni ya udereva wala cheti. Kulikuwa na mlango mmoja mpana, na mlango huo ulikuwa wazi kwa sababu tajiri alihitaji mikono mingi ya bei rahisi.

Huyu wa Bukavu ameshuka kwenye mji ambao mlango huo umefungwa. Bates ilisimamisha ufumaji mwaka 2001. Ni mwaka uleule Wasomali walipoanza kufika, na mimi naona tarehe hizo mbili zinatosha kuuondoa uvumi wa kwamba wageni ndio waliochukua kazi za watu. Kazi zilishaondoka zamani, moja moja, kwenda majimbo ya kusini na kisha ng'ambo. Manispaa ililichukua jengo la Bates tangu 1992 kwa sababu ya kodi isiyolipwa. Kazi zilizobaki ni za aina nyingine. Hospitali, benki, ghala kubwa la bidhaa, kushona viatu kwa msimu, nyumba za wazee. Nyingi ya kazi hizo ni za kuongea. Lazima umuulize mgonjwa anaumwa wapi, uandike ripoti ya zamu, upokee simu. Kazi ambayo mtu asiyejua lugha aliweza kuifanya siku ya tatu tangu ashuke kwenye treni, leo kuipata ni mwaka wa darasa la Kiingereza, kozi, mtihani na gari. Kwa hiyo ulinganisho wa "babu zetu" una ukweli nusu. Babu alikuwa na juhudi, nani atabisha, ila juhudi ya babu ilikuwa na pa kuingilia.

Na babu hakupokewa kwa maua. Mwaka 1919 Maine ilitunga sheria ya kuzuia kufundisha kwa Kifaransa katika shule za umma, na ikadumu nusu karne. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, lilikuwa na maelfu ya wanachama katika jimbo hilo, na kwa kuwa Weusi walikuwa wachache mno, adui waliyemchagua ni Mkatoliki mwenye lugha yake. Kuna watu walibadili majina: Roy akawa King, Leblanc akawa White, Boisvert akawa Greenwood. Watetezi wa wageni hupenda kuikumbusha historia hii, kwamba nanyi mlikuwa kama wao. Nami naona ulinganisho huo wao pia unafika mahali unakatika. Leblanc aliweza kuwa White ndani ya asubuhi moja kwenye ofisi ya serikali. Mtoto wa Kisomali anayeitwa Mohamed, mweusi, na mama yake anajitanda hijabu, hana jina la kubadili litakalomficha. Mwaka 2006 mtu mmoja alivingirisha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wa mtaa wa Lisbon watu wakiwa kwenye swala. Parokia za Wafaransa zilichukiwa, lakini vizazi viwili vilitosha kuwayeyusha ndani ya Uzungu. Hawa vizazi viwili havitawayeyusha, na hakuna sababu ya kuwataka wayeyuke.

Kuna jingine linalosahaulika na wanaozililia zile enzi. Viwanda havikuwa pepo. Vumbi la pamba liliingia mapafuni, mitambo iliwaziba watu masikio. Machi 1937 maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya viatu vya Lewiston na Auburn waligoma wakidai chama na mshahara. Aprili 21 waliandamana kuvuka daraja kwenda Auburn, wakakutana na virungu na moshi wa machozi, kisha askari wa jimbo wakaletwa. Mgomo ulishindwa kabla ya Julai. Heshima tunayoikumbuka leo, ya baba kwenda kazini na kurudi na mshahara unaolisha nyumba, haikuwa sadaka ya kiwanda. Ilipiganiwa, na kwa watu wengi ilikuja kwa muda mfupi tu kati ya vita vya pili na kufungwa kwa milango.

Sasa upande wa pili, wanaosema mji umefufuliwa. Wanazo hesabu za kuonyesha. Mwaka 1970 Lewiston ilikuwa na watu 41,779. Mwaka 2000 walikuwa wamepungua hadi 35,690. Halafu, baada ya miaka thelathini ya kushuka, idadi ikaanza kupanda tena. Maine ndilo jimbo lenye watu wenye umri mkubwa kuliko yote Marekani, na kwa zaidi ya miaka kumi wanaokufa wamekuwa wengi kuliko wanaozaliwa. Miji mingine ya jimbo hilo inafunga shule, Lewiston inapanua. Mtaa wa Lisbon, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa na madirisha yaliyozibwa kwa mbao, leo una maduka ya nyama halali, vitambaa, vinyozi, ofisi za kutuma fedha, na harufu ya sambusa inayokufikia ukiwa bado ng'ambo ya barabara. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, yenye vijana kutoka Somalia, Kenya, Kongo na wa palepale, ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, na wazee wa Kifaransa waliozoea magongo ya barafuni walikwenda uwanjani wakapiga kelele. Mwaka 2019 Safiya Khalid, mwenye miaka 23, alichaguliwa diwani, Msomali wa kwanza kwenye baraza hilo.

Nisimame hapa kidogo, kwa kuwa ni jambo linalotuhusu watu wa Tanga moja kwa moja. Kati ya wale wanaoitwa Wabantu wa Somalia wamo wanaojiita Wazigula. Babu zao walichukuliwa kutoka pwani yetu katika karne ya 19, njaa ilipopiga Uzigua, wakauzwa Somalia, wakatoroka mashamba ya mabwana zao na kujificha kwenye misitu ya mto Juba. Vita vya 1991 vikawatoa tena. Wengine walikuja Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Wengine walipita Dadaab na Kakuma mpaka Marekani, na sehemu yao wako Lewiston. Kizigua walichokibeba kinasikika na Mzigua wa Handeni. Nje ya mji, kwa ushirika, wanalima mahindi na mboga kwenye ardhi ya Maine, msimu mfupi wa jua, watu ambao babu zao walilimishwa mashamba ya mabwana. Nilipoona mahindi yale yamesimama Agosti sikuweza kuliangalia jambo hilo kwa jicho la mchambuzi.

Ila "kufufuliwa" ni neno kubwa, na watetezi wanalitumia kwa urahisi mno. Duka la mtaa wa Lisbon linaajiri mwenye duka, mkewe na mpwa wake. Majengo ya Bates yalikarabatiwa kwa fedha za umma na za wawekezaji, ofisi na migahawa ikaingia, na ingekuwa hivyo hata asingekuja Msomali mmoja. Miaka ya mwanzo wageni wengi hawakuwa na kazi, na waliopata waliipata ya msimu. Majengo ya ghorofa tatu na nne za mbao kwenye mitaa yenye majina ya miti, walikopangishwa, ni ya zamani, rangi zake zina madini ya risasi, na watoto wa Lewiston wameathirika na sumu hiyo kuliko wa sehemu nyingi za jimbo. Mwaka 2021 serikali kuu iliupa mji dola milioni 30 za kuanza kuijenga upya mitaa hiyo. Ni fedha njema. Lakini kwa miaka ishirini kabla yake, waliokuwa wakisifiwa kwa kuufufua mji walikuwa wakilea watoto kwenye vumbi la risasi, nyumba kwa nyumba na Wazungu maskini ambao hakuna aliyewasifia kwa lolote.

Kazi ambayo kweli wageni wanaibeba ni ya kuwatunza wazee. Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mama wa Bukavu aliniambia, tukiwa bado kwenye foleni, habari za bibi mmoja anayemhudumia, ana miaka zaidi ya tisini. Aliingia kiwandani akiwa msichana, akafuma matandiko ya vitanda vya watu wengine mpaka alipostaafu. Masikio yameziba, na sasa akili inaondoka, na inavyoondoka Kiingereza kinatangulia kwenda. Imebaki lugha ya nyumbani kwao. Wahudumu wenzake, vijana waliozaliwa palepale, wajukuu wa Wafaransa, hawaijui; wazazi wao walikatazwa shuleni, wakaamua kutowafundisha watoto. Usiku bibi anaamka analia akiuliza saa ya zamu, anaogopa amechelewa. Anayemjibu ni huyu Mkongo, kwa Kifaransa alichofundishwa na shule iliyoachwa na Wabelgiji. "Maneno mengine ya kizamani, sisikii," aliniambia. "Lakini namuambia, mama, leo ni siku ya kupumuzika. Analala." Huinama mbele yake amwangalie midomo, maana wafumaji walizoea kusomana midomo katikati ya kelele za mitambo.

Kazi hiyo inalipa zaidi kidogo ya kima cha chini cha mshahara, ambacho Maine mwaka 2025 kilikuwa dola 14.65 kwa saa. Mhudumu mmoja akiitegemea hiyo peke yake halishi nyumba. Ndiyo maana yeye anakwenda usiku na mumewe mchana, ndiyo maana watoto wanamwona mzazi mmoja kwa wakati, na ndiyo maana mjukuu wa mfumaji yuleyule, Mzungu, mwenye sare ileile ya bluu, naye ana kibarua cha pili ghalani. Sisi kwenye diaspora tuna usemi wetu wa kubeba boksi, yaani kufanya kazi ngumu za ujira mdogo. Watu wa nyumbani hudhani ni kazi ya mgeni tu. Pale Lewiston boksi linabebwa na wote, mgeni na mwenyeji, na bei yake ni moja.

Kwa hiyo nikiulizwa naelemea upande gani, nasema hivi. Wanaolalamika wako sahihi kwamba mji mdogo maskini umelipishwa deni la nchi tajiri. Wamekosea walipomshika mkono aliyeletwa na deni hilo. Wanaosifia wako sahihi kwamba bila wageni Lewiston ingekuwa ndogo, nzee na kimya zaidi. Lakini wanaposema "tunawahitaji, nani atawatunza wazee wetu", sikio langu la Kitanga linasikia lile neno: wanatumika. Mtu anayekaribishwa kwa sababu anatumika, siku asipotumika, akivunjika mgongo kwa kunyanyua wagonjwa, atarudi kuwa mzigo kwenye vitabu vya halmashauri. Bibi wa kiwandani naye alihesabiwa hivyohivyo. Kampuni ilimhitaji mpaka ilipopata mikono ya bei rahisi zaidi kwingine.

Mambo ya kurekebisha si ya kushangaza. Muda wa kungoja kibali cha kazi ungefupishwa, vocha za halmashauri zingepungua bila mtu kufukuzwa, na nashangaa wanaopinga msaada hawalipigii kelele hilo kuliko wote. Gharama ya msaada ingebebwa na jimbo zima, kwa kuwa jimbo zima ndilo linalozeeka na kuhudumiwa. Vyeti vya walimu na wauguzi wa Bukavu na Mogadishu vingepimwa kwa haki. Na mshahara wa kumtunza mzee, ambao kwa sehemu kubwa unatokana na bima ya afya ya serikali kwa maskini, ungepanda. Hilo lingemfaa mjukuu wa Mfaransa sawasawa na mke wa Mkongo, wala lisingehitaji wapendane kwanza.

Simu ya mama yule ikalia, gari limefika nje. Basi la mji halifanyi kazi usiku, na zamu yake inaanza saa tano, kwa hiyo wanawake watano wanachangia mafuta ya mmoja mwenye leseni. Nilimsaidia mfuko mpaka mlangoni. Ndani ya gari nilimwona mmoja mwenye hijabu, wengine Wakongo, na nyuma kabisa, amejikunja kwenye koti, msichana wa Kizungu akila chipsi. Akasogea kumpisha.